Punje Mbili za Wali

Mfuniko wa sufuria uligonga mara tatu gizani, ukanyamaza, kisha ukagonga tena.

Sajenti Adila alifumbua macho. Umeme ulikuwa bado haujarudi. Kwenye ukumbi mdogo mama yake, Bi Batuli, alikuwa amechutama mbele ya jiko la mkaa, anapika daku. Alikuwa anamalizia zile funga sita za Shawali, na kwake yeye daku ni wali. Mikate na chai ni chakula cha wageni.

"Mama, unafurika huo."

"Nauona. Nimetia vibaba viwili tu, angalia ulipofika. Mchele huu wa safari hii unaongezeka kama uvumi."

Mfuniko uligonga tena. Adila alikaa kitako kitandani.

"Mama, punje ya mchele na punje ya wali, ipi ndefu?"

"Umeota nini wewe? Sajenti mzima, na nyota sijui michirizi begani, unaniuliza hilo saa kumi alfajiri?"

"Nijibu tu."

"Ya wali, mwanangu. Ingekuwa sawa, tungekula nini?"

Adila aliwasha simu na kuifungua ile picha. Alikuwa ameitazama kwa siku tatu.

Ilikuwa picha ya sinia. Juu yake palikuwa na wali uliobaki, bakuli la kachumbari na taya moja la samaki wa nazi lililofyonzwa likang'aa. Taya halikuwa na meno ya kuhesabika. Lilikuwa na mdomo mgumu kama wa kasuku. Jumamosi usiku, Mlingotini, Mrisho na mkewe Sada walikula kutoka kwenye sinia hilo. Kwanza ganzi iliwashika midomoni, ikashuka mikononi na miguuni, na kabla ya adhana ya alfajiri wote wawili walikuwa wameacha kupumua. Binti yao Tatu, mwenye miaka sita, alikuwa amekula tonge mbili tatu tu. Alilazwa hospitali ya Bagamoyo na hakuwa amesema neno tangu siku hiyo. Daktari alisema ni sumu ya bunju, samaki ambaye mvuvi yeyote wa pwani akimpata humrudisha majini.

Majirani, kwa nia njema na akili finyu, walikwishaosha sinia na kumwaga masazo baharini kabla polisi hawajafika. Jirani mmoja tu ndiye aliyelipiga picha sinia kwanza na kuirusha kwenye kundi la mtaa. Taya lenyewe halikupatikana tena.

Kaka mkubwa wa marehemu, Abdullatif, aliapa kwamba alimwona Sada akinunua samaki kwa Mwanaharusi, mkaanga samaki wa pale kijijini. Polisi walipopekua jaa la Mwanaharusi walipata taya lenye mdomo wa kasuku. Mwanaharusi alilia akisema ni la pono, na pono naye ana mdomo wa namna hiyo. Koplo Amiri alilipiga picha taya lile kando ya rula, akalilinganisha na lile la kwenye sinia, akaandika: *Yanalingana kwa ukubwa na kwa umbo.* Leo, saa tano, Mwanaharusi alikuwa apelekwe mahakamani kwa kuua watu wawili.

Rula kwenye picha ya sinia haikuwepo. Koplo alikuwa ametumia kipimo gani? Adila alikikumbuka vizuri. Alikuwa amemwona kwa macho yake akiomba punje ya mchele kwa mama wa kantini.

"Usile wali wote," alimwambia mama yake, akivaa viatu. "Nibakizie."

"Kwani nawe umeanza kufunga?"

"Sifungi. Naenda kupima."

*

Bodaboda ilimfikisha Mlingotini jua likiwa bado halijachomoza vizuri. Mbele ya nyumba ya marehemu turubai la msiba lilikuwa halijashushwa, na wazee wawili walikuwa wamelala juu ya jamvi. Abdullatif alitoka kumlaki. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kanzu safi na harufu kali ya udi.

"Asalaam aleikum, Mzee Abdullatif. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo ndiyo leo, eti? Leo yule mwanamke anapanda kizimbani."

"Nimekuja kuomba mchele."

"Mchele?"

"Mchele aliopika marehemu Sada. Umebaki?"

Abdullatif alicheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba yuko msibani, akakohoa. "Umebaki nusu ndoo. Chukua wote, afande. Nilidhani mnatafuta sumu."

"Natafuta urefu."

Hakuuliza maana. Alimwongoza uani, na ule udi wake ukaishia kwenye kona ya nyumba. Baada ya kona palikuwa na harufu nyingine, nzito, tamu kwa namna ya kuchukiza, ikakaa kwenye ulimi wa Adila kama mafuta yaliyochacha. Kati ya nyumba ya marehemu na nyumba ya kaka yake vilisimama vichanja vinne vya kuanikia samaki. Juu yake zilitandazwa nyama nyeupe zilizochunwa, bila ngozi na bila vichwa. Nzi wa kijani walizifunika hadi zikaonekana kama zinapumua. Chini ya vichanja maji meusi yalikuwa yametuama, na ndani ya maji hayo funza walijikunja na kujikunjua.

Adila alifunika pua kwa mtandio.

"Samaki gani hawa?"

"Mchanganyiko tu. Wanakwenda Msata. Wale wa bara wanapenda nyama isiyo na mifupa wala kichwa cha kuwakodolea macho."

"Unawachuna mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu. Kazi ya usafi hii."

Adila alitazama funza. "Naona. Na paka? Mlingotini nzima ni paka watupu. Hapa kwenye samaki sioni hata mmoja."

"Walikuwepo," alisema Abdullatif. "Wamehama."

"Wewe Jumamosi ulikula hapa kwa mdogo wako?"

"Hapana. Mimi samaki siku hizi sili. Vidonda vya tumbo."

Adila alichota mchele vikombe viwili kwenye mfuko wa karatasi, akaandika tarehe na saa, akamtaka mzee mmoja wa jamvini aweke sahihi. Kisha alirudi kwenye bodaboda. Alipofika barabarani alimwambia dereva asimame, akatema mate mara mbili kwenye majani, ndipo wakaendelea.

*

Bi Dija, afisa uvuvi, alikuwa amerudi usiku wa jana kutoka semina ya Tanga. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Katika kichumba chake machupa yalipangwa ukutani, na juu ya jiko la gesi sufuria ya vichwa vya samaki ilikuwa ikichemka ili nyama itoke na mifupa ibaki. Povu la kijivu lilipanda na kushuka. Jicho moja lililopikwa lilielea juu, likageuka, likazama.

"Usinitazame hivyo," alisema Bi Dija. "Mifupa haijisafishi. Umeleta nini?"

"Mchele. Nataka tuupike kwa nazi, kama nyumbani."

"Humu?"

"Kuna jiko la pili."

"Basi usichanganye miiko."

Wali ulipoiva, Adila aliupakua kwenye karatasi nyeusi. Bi Dija alichagua punje ishirini nzima, akazilaza moja moja kando ya rula ya chuma. Adila aliandika. Walifanya vivyo hivyo kwa punje ishirini mbichi. Mbichi zilikuwa na wastani wa milimita saba. Zilizopikwa zilikuwa kumi na moja.

"Sasa picha," alisema Bi Dija. "Punje ipi alipima huyo koplo wako?"

"Hakusema."

"Hilo nalo ni kosa. Tazama. Hizi zilizo juu ya kilima cha wali ziko karibu na kamera, kwa hiyo zinaonekana kubwa. Hatuzitaki. Tunataka hizi nne zilizolala kwenye sinia, zinazogusana na taya. Zimelala usawa mmoja nalo."

Walizipima zile nne kwenye kioo cha kompyuta, wakapima na upana wa taya. Taya lilikuwa na upana wa punje mbili kamili.

"Punje mbili," alisema Adila. "Koplo alizidisha kwa saba, akapata kumi na nne. Na taya la jaani kwa Mwanaharusi, kwenye rula, ni milimita kumi na nne. Akafunga faili."

"Kumbe ni mara kumi na moja."

"Ishirini na mbili."

Bi Dija alivua miwani, akaifuta kwa kanga. "Mwanaume hajawahi kupika, ndipo anapeleka mtu kitanzini kwa mchele mbichi."

"Mkuu wangu atasema Mwanaharusi aliuza pono mwingine, mkubwa zaidi. Ukubwa peke yake haumtoi."

"Basi tuutupe ukubwa. Tubaki na umbo."

Alifungua machupa sita. Matatu yalikuwa na mataya ya pono: mdogo, wa kati, mkubwa. Matatu yalikuwa ya bunju, vivyo hivyo. Aliyapiga picha moja moja kutoka juu, kisha akazipanua na kuzipunguza zote mpaka kila taya likawa na upana uleule kwenye kioo.

"Sasa hakuna mkubwa wala mdogo," alisema. "Gawa upana mafungu kumi. Kimo kinakuja mafungu mangapi?"

Adila alihesabu. Pono mdogo, manane. Wa kati, manane. Mkubwa, manane na robo. Bunju mdogo, matano. Wa kati, matano. Mkubwa, matano na robo.

"Na la kwenye sinia?"

Adila alipima mara tatu kabla ya kujibu.

"Matano na robo."

"Bunju," alisema Bi Dija. "Tena dume la bunju. Wallahi, mtu alimchemsha huyo mnyama akampa mtoto." Aliondoa mfuniko wa sufuria ya vichwa, akaurudisha kwa kishindo, kana kwamba hata yeye harufu ilikuwa imemshinda.

"Ila lipo jambo moja," alisema Adila. "Koplo alilaza picha moja juu ya nyingine, zikalingana. Niliona kwa macho yangu. Zililinganaje?"

"Hilo kamuulize mwenyewe."

*

Mkuu wa Kituo, Afande Ausi, alikuwa akinywa supu mezani. Mafuta yalimng'aa kidevuni. Koplo Amiri alisimama kando, kifua mbele, na faili kwapani.

Adila alieleza habari ya punje. Afande Ausi alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha mfupa.

"Kwa hiyo amekosea kwa milimita nane. Sajenti, watu wawili wamekufa, unaniletea milimita?"

"Naleta na umbo, afande. Koplo, naomba ile picha ya kulaza."

Amiri aliitoa kwa fahari. Ilikuwa picha ya sinia iliyochapwa kwenye karatasi, na juu yake karatasi inayopitisha mwanga yenye taya la jaani. Zililaliana vizuri, ukingo kwa ukingo.

"Uliziwekaje zikawa saizi moja?"

"Kwenye kompyuta, afande. Unashika pembe, unavuta."

"Unavuta pembe, au unavuta ubavu?"

"Pembe, halafu ilikuwa haijakaa sawa juu, nikavuta na kwa juu kidogo. Mpaka ikakaa."

"Mpaka ikakaa," alirudia Adila. Alikiweka kidole kwenye bakuli la kachumbari katika picha. "Hili ni nini?"

Koplo aliinama. "Bakuli."

"La duara?"

Amiri alitazama. Afande Ausi naye aliacha mfupa akatazama. Bakuli lilikuwa limesimama kama yai.

"Tazama na wali," alisema Adila. "Punje zilizosimama zimekuwa sindano. Zilizolala ubavu zimenenepa kama kunde. Kuna mchele wa namna hii Makurunge au Msata? Umeuvuta mdomo wa bunju kwenda juu mpaka ukawa wa pono. Kwa namna hiyo hata uso wangu utafanana na wako."

"Mungu apishe mbali," alinong'ona Amiri.

"Kuukuza wote sawasawa kila upande, ruhusa. Umbo linabaki. Ukivuta upande mmoja tu umeshalichonga jingine."

Afande Ausi alijifuta kidevu. Akauliza jambo ambalo Adila hakulitegemea kwake. "Mtoto akikua uso hubadilika. Mashavu huisha, pua hurefuka. Kwa nini pono mkubwa asibadilike mdomo?"

"Bi Dija ameleta wadogo na wakubwa, afande. Wanabadilika kwa robo fungu. Ili pono afike kwenye bunju anahitaji mafungu matatu."

"Haya. Ni bunju. La jaani ni pono." Alisukuma bakuli la supu pembeni. "Bado nina shahidi aliyemwona Mwanaharusi akimuuzia marehemu samaki. Anaweza kuwa aliuza pono asubuhi, bunju jioni. Taya linasema ni samaki gani. Halisemi nani kamleta."

"Shahidi mmoja, afande. Na anaanika nyama isiyo na kichwa wala ngozi, na paka hawaisogelei."

"Paka hawaapi mahakamani. Niletee mtu. Gari linatoka saa tano, sitalizuia kwa sababu ya wali."

Ilikuwa saa nne kasoro kumi.

Adila alipita mbele ya mahabusu. Ndoo ya choo ilikuwa haijamwagwa tangu jana. Mwanaharusi alikuwa ameshika nondo kwa mikono yote miwili, mikono yenye madoa ya mafuta ya kukaangia.

"Mwanangu, nisikilize. Mimi nakaanga. Umeona mimi nachemsha samaki kwa nazi? Yule marehemu Jumamosi hata kununua hakununua. Alinipita, akasema leo nimeletewa."

"Na nani?"

"Hakusema. Nami nilinuna, sikuuliza. Nilinuna kwa ajili ya samaki mmoja, Yarabi." Aliachia nondo. "Nimekaa namfikiria yule mtoto tu. Anakula?"

Adila alikuwa ameshaanza kukimbia.

*

Wodi ya watoto ilinuka dawa ya kufanyia usafi na maziwa yaliyochacha. Nesi aliyekuwa mlangoni, Hija, alimvuta Adila pembeni kabla hajaingia.

"Dada, nikwambie kitu. Mtoto kwangu anakunywa uji. Kwa yule mama wa kitanda cha jirani anakunywa. Kwa baba yake mkubwa anafumba mdomo. Jana alimlazimisha, akamtapikia."

"Yupo sasa hivi?"

"Amekutangulia kwa bodaboda, hana hata dakika tano."

Abdullatif alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Harufu ya udi ilifika hadi mlangoni. Mkono mmoja ulishika kikombe cha uji, mwingine kijiko, na kijiko kilikuwa kimeshikiliwa mbele ya midomo iliyofumbwa ya mtoto mdogo mwenye nywele zilizosukwa mabutu mawili. Butu moja lilikuwa limefumuka.

"Kunywa, mwanangu. Baba mkubwa amekuletea."

Tatu alitazama ukuta.

"Mzee Abdullatif," alisema Adila, "weka kikombe chini."

"Afande! Naona leo tunafuatana."

"Chini."

Alikiweka. Adila alikichukua, akampa nesi. "Kifunike, usimwage. Kiandike jina." Kisha akavuta kigoda, akakaa chini kabisa, akawa anamtazama mtoto kwa chini. Hakuvaa kofia. Alimwona mtoto akilitazama butu lake lililofumuka kwenye kioo cha dirisha.

"Nikusuke hilo?"

Tatu aligeuza kichwa, akaleta lile butu upande wake.

Adila alianza kusuka polepole. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika ishirini. Alisuka kana kwamba ukutani hapakuwa na saa.

"Mama alikuwa akisuka hivi?"

Mtoto alitikisa kichwa.

"Alianzia juu zaidi?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Sawa, naanza upya." Alifumua, akaanzia juu. "Mimi nyumbani mama yangu leo amepika wali mpaka sufuria ikamshinda. Ninyi siku ile mlikula nini?"

"Mtoto hasemi, afande," alisema Abdullatif. "Daktari amekataza asisumbuliwe. Na mwenye kosa mnaye kituoni, mnamtafuta nani tena?"

"Sijakuuliza wewe."

"Mimi ndiye mzazi wake sasa."

Nesi Hija alisimama katikati ya kitanda na mlango, na kikombe kilichofunikwa mkononi. Mama wa kitanda cha jirani aliacha kumnyonyesha mtoto wake, akasikiliza. Wodi ikatulia, isipokuwa nzi mmoja aliyekuwa akizunguka kikombe na kurudi kwenye kanzu nyeupe ya Abdullatif, kikombe, kanzu, kikombe.

"Twende zetu nyumbani, Tatu," alisema Abdullatif, akasimama na kuunyoosha mkono. Chini ya kucha zake palikuwa na weusi ambao udi haukuufikia. "Nitamwomba daktari ruhusa. Utakaa kwangu."

Mtoto aliutazama ule mkono. Akajisogeza nyuma mpaka mgongo ukagusa kifua cha Adila, akashika mkono wa sare yake, na akasema kwa sauti, wodi nzima ikasikia:

"Samaki alileta baba mkubwa."